Dirisha la Vidole Viwili

Mama akipiga simu kutoka Mitsamihuli
huuliza matatu: unakula, unasali, unavaa soksi?
Namjibu ndiyo, ndiyo, ndiyo.
La dirisha hajawahi kuliuliza
na mimi sijamwambia.

Ilikuwa Julai, hapa Iyunga,
Loleza amejifunika ukungu hadi kidevuni,
maji ya ndoo yanang'ata kama mbwa asiyenijua.
Kwetu visiwani, baridi ni habari ya soda.
Nilivaa magauni mawili, na sweta la mtumba la Mwanjelwa
lenye jina la timu nisiyoifahamu,
na bado meno yaligongana.

Basi nikaliingiza jiko ndani.
Makaa yalikuwa mekundu, yamekomaa, hayana moshi;
nikadhani kisicho moshi hakina neno.
Nikafunga dirisha,
nikaziba chini ya mlango kwa shiromani yangu ya sikukuu,
nikalala kama mkate tanurini.

Nicheke au nilie?
Wiki ile ile nilikuwa nimejibu swali la nne
katika mtihani wa sumu na tiba zake:
gesi isiyo rangi, isiyo harufu,
inayowahi kiti cha hewa njema ndani ya damu.
Nilipata nane kwa kumi.
Mbili zilizobaki zilinifuata kitandani.

Mama Tusekile hakusikia ndoo.
Kila alfajiri yeye huamka kukamua,
mimi huamka kutawadha,
kati yetu ukuta wa tofali moja.
Yeye Mmoraviani; saa yake ni maji yangu.
Siku hiyo maji hayakulia.
Akagonga. Akaita.
Akaita tena kwa Kinyakyusa,
kisha akaupa mlango bega.

Nakumbuka kichwa kama kinu kinachotwangwa,
miguu ya mtu mwingine,
kanga yake inanuka maziwa,
nyasi za umande chini ya mgongo wangu,
na anga. Kwa nini lilikuwa jingi vile?

Hospitalini karani aliuliza bima.
Kadi ilikuwa sandukuni, ndani ya bahasha ya chuo,
haijaona jua tangu Oktoba.
Akauliza ndugu wa karibu.
Nikatazama dari.
Toka Mbeya hadi Ngazija kuna basi, kuna bahari,
kuna nauli ambayo bado tunaidaiwa.
Mama Tusekile akaivuta fomu.
Kwenye jina: TUSEKILE MWAISUMO, herufi kubwa kama za ubaoni.
Kwenye uhusiano: mama mwenye nyumba.
Akayatazama maneno.
Akayakata mawili ya mwisho.

Sasa nina sheria zisizomo katika kijitabu cha wageni.
Jiko hukaa nje, mimi ndiye nilifuataye.
Namba yake iko nyuma ya mlango,
imeandikwa kwa mkaa, ule ule.
Nikichelewa maktaba, Gwamaka wake huja na tochi hadi getini;
hunidai maandazi, nami hulipa.
Homa ikilala nami usiku mmoja, asubuhi nakwenda kupima,
sinunui vidonge kwa kukisia, mimi mwanafunzi wa famasia!
Kadi hutembea nami, imeanza kuchakaa pembeni.

Na dirisha: vidole viwili wazi,
hata sakitu ikiwa imeupaka weupe uwanja mzima.
Hulipima mwenyewe akielekea zizini,
anapenyeza vidole vyake vyenye harufu ya ng'ombe,
anavitikisa,
na mimi, chini ya mablanketi matatu,
natikisa vyangu.

Jana mama kapiga tena.
Unakula? Unasali? Unavaa soksi?
Ndoo ilikuwa ikijaa, nikafunga bomba.
Nikasema: Mama, kaa kitako.
Nina habari ya dirisha,
na kuna mtu hapa, nataka umsalimie.